Kumpima Mchezaji wa Mpira wa Kikapu kwa Takwimu

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi takwimu zinavyotumiwa kumpima mchezaji wa mpira wa kikapu katika ligi ya kulipwa ya Marekani, na kuonyesha mipaka ya vipimo hivyo. Suala hili halihusu michezo peke yake. Lamhusu kila ahesabuye ili atoe hukumu, akiwemo mwanaisimu ahesabuye maneno katika matini.

Kwa muda mrefu mchezaji alipimwa hasa kwa wastani wa pointi azipatazo katika kila mchezo. Kasoro ya kipimo hicho ni kwamba hutaja mavuno bila ya kutaja mbegu zilizotumika. Mtupo ukosao kikapu aghalabu huwa ni nafasi ya timu nzima iliyopotea.

Kwa sababu hiyo kilibuniwa kipimo kiwezacho kuitwa ufanisi halisi wa mitupo. Idadi ya mitupo ya adhabu huzidishwa kwa 0.44, kwa kuwa mitupo hiyo kwa kawaida huja miwili miwili, ingawa si daima. Jibu hujumlishwa na mitupo ya kawaida, na jumla hiyo huzidishwa kwa 2. Kisha pointi zote za mchezaji hugawanywa kwa hesabu iliyopatikana.

Mfano utafafanua jambo hili. Katika msimu wa 2000–01, Allen Iverson wa Philadelphia alipata wastani wa pointi 31.1. Katika msimu wa 2015–16, Stephen Curry wa Golden State alipata 30.1. Kila mmoja alitunukiwa heshima ya mchezaji bora wa msimu wake. Kwa kipimo cha zamani Iverson ametangulia. Hata hivyo, Iverson alitumia mitupo 1,813 ya kawaida na 719 ya adhabu kupata pointi 2,207; ufanisi wake ni asilimia 51.8. Curry alitumia 1,598 na 400, akapata pointi 2,375. Ufanisi wake ni asilimia 66.9. Siri ya tofauti hiyo ni vikapu 402 alivyofunga kutoka mbali, ambavyo kila kimoja ni pointi 3.

Je, yafuata kwamba Iverson hakustahili heshima ile? La, hasha. Wenzake wachache waliweza kumpunguzia mzigo wa kufunga, na timu ikafika fainali ya mwaka 2001. Isitoshe, kipimo hiki huuandika mtupo wa dharura, muda unapokwisha, sawasawa na mtupo usio na mlinzi. Ulinzi wenyewe hakiugusi kabisa. Shane Battier wa Houston, aliyeandikiwa makala mashuhuri na Michael Lewis mwaka 2009, alikuwa na tarakimu hafifu, lakini timu yake ilifanya vizuri zaidi alipokuwa uwanjani. Thamani yake ilidhihirika kwa kulinganisha pointi za timu zote mbili wakati yumo na wakati hayumo. Na kipimo hicho nacho kina ila, kwani huchanganya sifa zake na za wenzake.

Hivyo basi, idadi si thamani. Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili huhesabu mizani, tena hana budi kuzihesabu. Lakini mizani zikishatimia, kazi ya kulihukumu shairi ndiyo kwanza inaanza.