Ekseli ya Nyuma ya Land Rover 109: Pima Kabla Hujalipa

Mwenye pikapu ya Land Rover 109 ya miaka ya sitini anaijua siku ile: kishindo cha chuma kwa nyuma, injini inanguruma, gia imeingia, lakini gari haliendi. Shafti imekatika. Kwa siku moja si janga. Unaingiza gia ya magurudumu yote manne na magurudumu ya mbele yanakuvuta hadi nyumbani. Hata kubadilisha shafti ni kazi nyepesi, kwa sababu haibebi uzito wa gari: unafungua bolti za habu na kuivuta nje, tairi likiwa bado chini. Gharama huanza pale shafti ya tatu au ya nne inapokatika, nawe unajiuliza kama uendelee kununua shafti au ubadilishe ekseli nzima.

Kabla ya kuuliza bei, jua una ekseli gani. Series II na IIA nyingi zilitoka na ekseli ya Rover, ambayo shafti zake zina meno 10 tu na hukatikia upande wa ndani, kwenye difu. Difu yake hutolewa kwa mbele. 109 nyingi za Series III zilikuja na ekseli ya Salisbury: tumbo nene, kifuniko cha nyuma kinachofunguka kwa bolti, shafti za meno 24. Ukichungulia chini ya gari huwezi kuzichanganya.

Kisha pima uwiano wa difu. Weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, na usilipuuze hilo, maana hendibreki ya gari hili hushika propela, na hapa ni lazima uiachie. Toa gia. Inua tairi moja la nyuma, la pili libaki chini. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, zungusha tairi mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na karibu robo tatu, difu ni 4.7, ile ya asili. Ikizunguka mara tatu na nusu, ni 3.54.

Hesabu hiyo ya dakika tano ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Difu ya Range Rover ya zamani huingia kwenye ekseli ya Rover bila kukata chochote, na sokoni huuzwa kama "difu ya Land Rover". Lakini ni 3.54. Ukiifunga nyuma huku mbele kukiwa na 4.7, siku utakayoingiza magurudumu yote manne ekseli mbili zitapigana, na kitakachovunjika ni meno ya giaboksi ndogo. Utakuwa umenunua difu rahisi na giaboksi ghali.

Upana nao upimwe, kutoka uso wa habu inapokaa rimu hadi uso wa habu wa upande wa pili. Upana wa magurudumu, yaani kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya la pili, kwa Series ni kama milimita 1,310, na wa Land Rover 110 iliyoanza 1983 ni 1,486. Mwisho, kagua kama ekseli yako imepinda. Pima umbali kati ya matairi mawili ya nyuma kwa mbele na kwa nyuma yake, kwenye kimo cha habu, kwa alama ileile ya chaki baada ya kuzungusha nusu mzunguko. Vipimo vikitofautiana sana, ekseli imeshapinda, na kuitia beringi na sili mpya ni kutupa fedha.

Sasa machaguo. Kubaki na Rover ndiko rahisi mwanzoni: difu hutolewa nzima, fundi yeyote wa Land Rover anaijua, na ya mbele huingia nyuma. Kwa pikapu ya kutembelea inatosha. Kwa inayobeba magunia, utalipa tena.

Ekseli ya 110 huvutia kwa sababu ni imara na bado ipo kwa wingi. Ila imetengenezwa kwa springi za duara, kwa hiyo utalipia kukata vishikio na kuchomelea vipya, matairi yatatokeza karibu sentimita 9 kila upande, na itabidi ubadilishe na ya mbele ili uwiano ulingane, kwa kuwa ya 110 ni 3.54. Ukifika hapo, kwa mizunguko 3,000 ya injini mwendo wa gia ya nne hupanda kutoka kama kilomita 83 kwa saa hadi karibu 110. Inapendeza kwenye tambarare. Lakini injini ya lita 2.25 ikiwa na mzigo kwenye mlima kama Kitonga haina nguvu ya kuusukuma uwiano huo.

Inabaki Salisbury ya 109 yenyewe. Hukaa kwenye springi zako bila kuchomelea, na kinachobadilika ni propela, ambayo lazima iwe fupi. Udhaifu wake ni kwamba kupanga meno ya ndani kunahitaji vifaa na mkono wa fundi mahiri, kwa hiyo usinunue iliyochoka kwa matumaini ya kuitengeneza. Fungua kifuniko, tazama meno, angalia kama mafuta yana unga wa chuma, na upitishe kidole mahali sili inapokaa.

Kwa pikapu ya mzigo nachagua hiyo, hata kama bei yake sokoni ni kubwa kuliko difu ya Rover. Jumlisha na propela, lita 2.5 za mafuta ya difu na sili mpya kabla ya kupatana. Na muuzaji akikukataza kuzungusha habu na kuhesabu mizunguko, ondoka na pesa zako.