Juu ya Neno "Kitenzambali" na Kasoro za Rimoti

Rimoti ndilo neno la watu wa Mwanza. Wapo wataalamu wapendeleao kitenzambali, yaani kitu kitendacho kwa mbali. Neno hili ni zuri, lakini laficha jambo moja: rimoti nyingi hutuma mwanga usioonekana, wa nanomita 940 hivi, umetao kama mara 38,000 kwa sekunde. Mwanga huo haupenyi ukuta. Basi kifaa kipokeacho amri ya simu na kuliagiza pangaboi hakina budi kuonana na jicho la pangaboi. Tena jua la jioni, likiingia dirishani kutoka upande wa Ghuba ya Mwanza, huweza kulitia jicho hilo kiwi. Dawa yake ni pazia. Kabla ya kulaumu betri, yafaa rimoti ielekezwe kwenye kamera ya mbele ya simu: taa ikionekana kumeta, yatuma. Hata hivyo pangaboi halijibu. Simu huweza kuandika "limezimwa" ilhali lazunguka. Kurudia amri husaidia, ila kitufe kimoja kikiwasha na kuzima, kurudia huweza kuliwasha tena. Kwa hiyo twapendekeza maelezo ya kamusi yabainishe: kwa mwanga, au kwa mawimbi ya redio.