Mfadhili Hapimi Nia, Anapima Malengo

Mwaka juzi, kikundi chetu cha kupanda mikoko kilichanga shilingi mia moja kila mtu ili andiko letu la kuomba ufadhili lichapishwe. Miezi mitatu baadaye jibu likaja: tumekataliwa, malengo yetu hayaeleweki. Akina mama wawili walijitoa. Walisema sisi vijana tuliosoma ndio tuliowaponza, na hawakukosea, kwa sababu kalamu nilishika mimi.

Nimerudi kulisoma lile andiko. Chini ya kichwa "Malengo" niliandika: "Kuhifadhi mazingira, kuinua maisha ya jamii na kupanda miche 10,000." Hapo nilivuruga mambo matatu ambayo ni lazima yatenganishwe.

La kwanza ni lengo kuu. Hili ni badiliko kubwa tunalolitamani, ambalo mradi wetu peke yake hauwezi kulikamilisha. Kwetu ni hori lenye mikoko ya kutosha kulinda ufuo na kuwapa samaki mahali pa kuzaliana. Sentensi moja yatosha.

La pili ni malengo mahususi, yaani matokeo tunayoahidi kuyafikia kabla pesa na muda havijaisha. Kila moja lijibu: nini kitabadilika, wapi, kwa kiasi gani, kufikia lini, na tutajuaje?

La tatu ni shughuli. Kupanda miche ni shughuli. Mnaweza kupanda yote 10,000 leo, na baada ya miezi sita mawimbi, kaa na mbuzi wawe wameimaliza. Mfadhili atakuwa amelipia nini?

Leo ningeandika hivi: "Mwaka mmoja baada ya kupanda, angalau miche 7,000 kati ya 10,000 iliyopandwa kwenye hekta moja iliyokatwa miti iwe hai, kwa hesabu itakayofanywa na wanakikundi kila baada ya miezi mitatu." Nambari hiyo haikutoka hewani: mkiacha mita moja kati ya mche na mche, hekta moja huchukua miche 10,000. Bajeti nayo hujipanga, kwani sasa mnajua mnahitaji kitalu cha miche ya kujazia na posho ya wanaohesabu.

Majirani zetu wa Gazi, Kwale, wanaouza hewa ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, nao hulipwa kwa kilichopimwa.

Lakini usiongeze nambari ili kumfurahisha mfadhili. Ahadi ni deni, na ripoti ya mwisho ndiyo siku ya kulipa.

Kabla hamjatuma andiko lenu, wasomee wanakikundi kila lengo kwa sauti, kisha uliza: tutajuaje kama tumefaulu? Wakikosa jibu, andika upya. Sisi tunaandika upya mwezi huu, na wale akina mama wawili nimewaomba waje wasikilize.