Supu ya Kuku na Nyama Yake

Katika nyumba nyingi mtu akiugua, au mwanamke akijifungua, huchinjwa kuku apikwe supu. Desturi hii ni njema. Lakini mara nyingi twaona mgonjwa akipewa kikombe cha maji ya supu, na nyama ikaliwa na wenye afya. Jambo hili lataka kufikiriwa.

Mwaka 1847 Justus von Liebig, mtaalamu wa kemia wa Ujerumani, aliyasifu maji ya nyama kuwa ndiyo yaliyobeba nguvu yake. Wengi walimsadiki, na wagonjwa wa Ulaya wakanyweshwa maji hayo miaka mingi. Wataalamu waliomfuata walipopima waliona sivyo: yaingiayo majini ni ladha, chumvichumvi, mafuta na utomvu kidogo, na chakula kijengacho mwili aghalabu husalia nyamani. Basi supu humpa mgonjwa maji, joto na hamu ya kula, nayo hayo si haba. Ila mwili uliokonda haujengwi kwa supu tupu.

Kuku wa supu yafaa awe koo mzee aliyekoma kutaga. Nyama yake ni ngumu, lakini ngozi, kano na gegedu zake, zikipikwa kwa moto wa taratibu, hutoa utomvu unaoifanya supu kuwa nzito. Hata ikipoa huganda. Akiisha kukatwa finyango, atiwe katika maji baridi, kadiri ya kumfunika tu, kisha chungu kiinjikwe juu ya makaa machache. Povu la kijivu likipanda, liondolewe kwa upawa. Toka hapo maji yasichemke kwa fujo, bali yatokote polepole kwa muda wa saa mbili au tatu, kwa kuwa moto mkali huikausha nyama na kuitibua supu. Kitunguu, tangawizi na pilipili manga hutiwa baadaye; chumvi mwisho kabisa, kwani maji hupungua, na chumvi haipungui.

Mikono, kisu na ubao vilivyogusa kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari, maana kuku mbichi aweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Wala supu iliyobaki isilale jikoni hata asubuhi. Wako vijidudu ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, nazo huamka supu ipoapo; na chungu kikubwa hukawia kupoa. Asiye na friji apike kadiri ya kuliwa siku ile ile.

Mgonjwa asiyeweza kutafuna, nyama yake ichambuliwe mifupani, itwangwe kidogo katika kinu safi, irudishwe katika supu, naye alishwe kwa kijiko, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Watoto wa nyumbani wapewe shingo na miguu. Hawatakosa cha kufyonza.