Mihadhara ya Mlimani na Kiswahili cha Siasa ya Dunia

Neno mhadhara lina undugu na hadhara na hudhuria. Yote matatu yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo mahali. (Hadhari ni neno la mzizi mwingine, ingawa katika historia ya vyuo vikuu vya Afrika hadhari na mhadhara vimekaa jirani mara nyingi.) Kwa asili yake, basi, mhadhara si maneno ya msemaji peke yake, bali ni pia watu waliofika kumsikiliza. Kwa hiyo anayechunguza mihadhara ya hadhara iliyohusu siasa ya kimataifa katika vyuo vikuu vyetu hawezi kutosheka kwa kuuliza nini kilisemwa. Yampasa aulize pia ni nani aliyeweza kukielewa.

Mfano ulio tajiri kwa swali hilo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1967 hadi 1982. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, ndipo watu wakakiita Mlimani. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza karibu 400. Miezi minne baadaye lilitangazwa Azimio la Arusha. Wakati huohuo mji wa Dar es Salaam ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vyama vya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zao humo. Msemaji wa siasa ya dunia hakuhitaji kutafutwa mbali. Walifika Mlimani Stokely Carmichael kutoka Marekani, C.L.R. James wa Trinidad na Cheddi Jagan wa Guyana. Walter Rodney, naye wa Guyana, alifundisha historia hapo, akaondoka, akarudi mwaka 1969 baada ya kuzuiwa kuingia Jamaica, akakaa hadi 1974. Mwaka 1967 wanafunzi waliunda chama chao cha mapinduzi, kilichojulikana kwa herufi za USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, ambaye mwaka 1986 alikuja kuwa Rais wa Uganda. Jumapili walifanya madarasa yao wenyewe ya itikadi.

Yote hayo yalifanyika kwa Kiingereza. Mpishi wa bwalo na mtunza bustani wangeweza kuingia ukumbini bila kufukuzwa na mtu, na mada mara nyingi ilikuwa wao: mfanyakazi, mkulima, jasho lao na nchi linakokwenda. Lakini wasingefuata hoja kwa sentensi tatu mfululizo. Ni haki kusema kwamba wanafunzi walikuwa na sababu. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Uganda, Malawi na Ethiopia ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao, na vitabu walivyovisoma vilikuwa vya Kiingereza. Hata hivyo sababu hiyo haielezi kila kitu, kwa maana Watanzania walipozungumza wao kwa wao juu ya mambo hayo, nao walirudi kwenye Kiingereza.

Mnamo Novemba 1969 USARF ilianza kutoa jarida. Makala zake zilikuwa za Kiingereza, lakini jina lake lilikuwa la Kiswahili: Cheche. Waasisi walitaka kukumbusha gazeti la Iskra, ambalo Lenin na wenzake walilianzisha mwaka 1900, na The Spark, gazeti la Ghana ya Nkrumah. Majina yote mawili yana maana hiyohiyo ya cheche ya moto. Mwaka 1970 jarida lilitoa toleo maalumu lenye insha ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka nchini Tanzania. Mnamo Novemba mwaka huohuo serikali ilikipiga marufuku chama na jarida lake. Kuhusu chama ilielezwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha. Kuhusu jarida, sababu iliyotolewa ilikuwa jina: Cheche lingewafanya watu wadhani kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi badala ya ule wake.

Yapo mengi ya kusema juu ya marufuku hayo, na bila shaka insha ya Shivji iliwaudhi wakubwa zaidi kuliko jina. Lakini kwa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Kurasa nyingi za Kiingereza zilizolikosoa taifa hazikutajwa. Kilichotajwa ni neno moja la Kiswahili lililokuwa kwenye jalada. Neno hilo lingeweza kusomwa na mtu yeyote njiani. Wahariri waliobaki walilielewa somo, maana jarida lililofuata, chini ya Umoja wa Vijana, liliitwa MajiMaji, jina la vita vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Jina hilo hakuna ofisa aliyeweza kulishitaki kuwa la kigeni.

Je, Kiswahili kilikosa maneno ya mijadala hiyo? Jibu ni hapana, na hapa ndipo penye ajabu. Maneno yalikuwa yakifuliwa kila siku mjini chini, katika mikutano ya TANU, katika gazeti la Uhuru na katika Radio Tanzania. Bepari, ambaye kwa asili ni mfanyabiashara tu, kama neno lenyewe lilivyotoka Kigujarati, alikuwa amekwisha kuwa mwenye mtaji anayeishi kwa kazi ya wengine. Mwaka 1969 Nyerere mwenyewe alipotafsiri mchezo wa Shakespeare aliuita Mabepari wa Venisi, na katika jina hilo maana zote mbili, ya zamani na mpya, zinasikika pamoja. Beberu ni mbuzi dume. Ubeberu ukawa utawala wa mataifa makubwa juu ya madogo, na mkulima aliyewahi kufuga mbuzi hakuhitaji kamusi. Unyonyaji ulitoka kwa -nyonya, na kwa kuwa anayenyonya huhitaji mrija, wakaja na wito wa kukata mirija. Itikadi, iliyokuwa imani ya dini, ikahamia kwenye siasa. Mwisho wa miaka ya 1970 kitabu cha Frantz Fanon juu ya walaaniwa wa dunia kilikuwa kimepata tafsiri, Viumbe Waliolaaniwa, iliyotolewa na Tanzania Publishing House. Shirika hilo ndilo lililoshiriki kuchapa, mwaka 1972, kitabu mashuhuri cha Rodney kwa Kiingereza.

Kulikuwa na ugumu wa kweli mahali pamoja angalau. Katika mjadala mkubwa wa Mlimani juu ya tabaka, dola na ubeberu, ambao makala zake zilikusanywa na Yash Tandon mwaka 1982, hoja nyingi zilitegemea kutenganisha dola na serikali. Kiswahili kinayo maneno yote mawili, la kwanza la asili ya Kiarabu, la pili la Kiajemi, lakini msikilizaji wa kawaida huyachanganya, na zaidi ya hayo dola ni pia fedha ya Marekani. Msemaji angelazimika kufafanua. Kufafanua huko, pengine, kungewafaa hata waliokuwa wakibishana kwa Kiingereza, maana si wote waliotumia neno lao kwa maana moja.

Kwa msomaji wa Lubumbashi au Kisangani habari hii si ya ugenini. Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria Mkongo, alifundisha Mlimani kuanzia mwaka 1980 na akawa mmoja wa sauti kubwa za mijadala yake. Aliyetoka katika elimu ya Kifaransa alijadili Afrika kwa Kiingereza, katika mji wa Kiswahili. Kwetu Kongo Kifaransa ndicho kinachoshika nafasi ya Kiingereza cha Mlimani: mhadhiri hueleza uhusiano wa kimataifa kwa lugha ya darasa, na mwanafunzi akifika nyumbani Kenya au Katuba huulizwa na mama yake habari za politike kwa Kiswahili. Hapo ndipo hugundua kama alielewa.

Mlimani kwenyewe mabadiliko yalichelewa. Mwaka 2008 ilianzishwa nafasi ya uprofesa kwa jina la Nyerere, Shivji akawa wa kwanza kuishika. Ikaitwa kwa Kiswahili Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika. Maneno mawili ya jina hilo yanastahili kusifiwa: kigoda, kile cha kukalia mzee anapozungumza, na umajumui, lililoundwa kutokana na jumuiya na majumui ili kuchukua nafasi ya upanafrika. Tamasha lake la kwanza, mwaka 2009, lilimleta Wole Soyinka, aliyetoa mihadhara yake kwa Kiingereza. Lakini jarida la Kigoda, Chemchemi, lilitoka kwa lugha zote mbili, makala na si jalada tu.

Kiswahili cha siasa ya kimataifa kilikuwa kimekwisha kufika mbali kwa njia nyingine. Mnamo Julai 2004, katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alisimama akahutubia kwa Kiswahili, na wakalimani wa lugha hiyo hawakuwa wametayarishwa. Chissano si mzaliwa wa nchi ya Kiswahili. Alikijua kutokana na miaka aliyoishi Tanzania akiwa na FRELIMO, katika ofisi na kambi za chama hicho, wakati uleule mapambano ya Msumbiji yalipokuwa yakijadiliwa Mlimani kwa Kiingereza.