Karatasi ya STAAR Haimhukumu Mtoto

Juni iliyopita mama mmoja kutoka Uvira, jirani yetu hapa Houston, aliniita nimsomee karatasi. Alikuwa ameikunja mara nne na kuificha chini ya sinia ya vikombe ili watoto wasiione. Yalikuwa matokeo ya STAAR, mtihani wa jimbo la Texas, ya mwanawe wa darasa la nne. Kwenye kusoma Kiingereza pameandikwa "Did Not Meet", yaani hajafikia kiwango. Kwenye hesabu pameandikwa "Meets", amefikia. Mama alikuwa ameishia kwenye lile la kwanza. "Dada," akaniuliza, "mtoto wangu atarudishwa darasa?"

Hofu yake naielewa. Wengi wetu tumekulia chini ya mtihani unaokata. Kenya ilikuwa na KCPE na alama zake 500 hadi 2023, Kongo tukaijua TENAFEP, na Tanzania mtihani wa darasa la saba umeamua miaka nenda rudi nani aendelee sekondari na nani abaki nyumbani. STAAR haikati hivyo. Zamani Texas iliweza kumzuia mtoto wa darasa la tano au la nane kupanda kwa sababu ya mtihani huu, lakini sharti hilo lilifutwa mwaka 2021. Mtoto asiyefika hata ngazi ya "Approaches" anachostahili kisheria, kwa kawaida, ni masomo ya ziada, saa 15 au 30 kwa somo kulingana na matokeo yake, katika kikundi kisichozidi watoto wanne, isipokuwa mzazi mwenyewe akubali kikundi kikubwa zaidi. Haya ni masaa ya mtoto wako. Yadai.

Ngazi zenyewe ni nne, na ya pili ndiyo inayowachanganya wazazi. "Approaches", anakaribia, huhesabiwa kuwa amepita, lakini maana yake ni kwamba bado anahitaji msaada. "Meets" ndiyo ya mtoto aliye sawa na darasa lake. "Masters" ni aliyebobea.

Ukijua hilo utaelewa kwa nini shule nzuri ya mtaani kwako inaweza kupewa herufi mbaya jimbo linapozipima shule kwa A hadi F. Katika shule ya msingi, alama ya ufaulu hutoka kwenye STAAR peke yake, nayo hupatikana kwa kujumlisha asilimia za ngazi hizo tatu na kugawa kwa tatu. Tuseme katika watoto 100, waliofika "Approaches" au zaidi ni 60, "Meets" au zaidi ni 35, na "Masters" ni 16. Jumla ni 111, gawa kwa 3, unapata 37. Zaidi ya nusu ya watoto wamepita, na shule inaanza na 37 kabla hesabu hiyo haijageuzwa kuwa alama ya kutangazwa. Kwa hiyo usiishie kwenye herufi. Tazama sehemu inayopima maendeleo, kwa sababu humo ndimo unapoona kama mtoto aliyeanza nyuma anasogea. Kwa familia iliyofika juzi kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, hiyo ndiyo habari yenye uzito.

Turudi mezani kwa mama. Katika shule za msingi STAAR hutolewa kwa Kiingereza na Kihispania tu, Kiswahili hakimo. Kijana wake alikuwa na mwaka wa pili tu Marekani. Anapiga soga na wenzake kwenye basi la shule kama aliyezaliwa hapa, na hilo ndilo linalotudanganya. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha zamani kwamba Kiingereza cha mazungumzo mtoto hukipata kwa takribani miaka miwili, lakini cha vitabuni humchukua mitano hadi saba. Nilimpa kijana hesabu niliyoitunga mwenyewe kwa Kiingereza: Asha ana maembe 42, Juma ana 17, Asha amemzidi Juma kwa mangapi? Akajumlisha, 59. Nikamsomea ileile kwa Kiswahili. Kabla sijamaliza akasema, "Ishirini na tano." Hesabu anaijua. Lililomkwaza ni neno moja la Kiingereza.

Ndiyo maana karatasi ya STAAR isomwe pamoja na ya TELPAS, kipimo cha kila mwaka cha Kiingereza kwa watoto wanaojifunza lugha hiyo: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kijana wetu alikuwa amepanda ngazi moja ndani ya mwaka. Anayepanda TELPAS huku hesabu zikiwa nzuri yuko njiani, hata kama STAAR ya kusoma bado imemshinda. Mtoto asiyepanda TELPAS mwaka baada ya mwaka ndiye wa kumfuatilia upesi.

Pa kufuatilia ni kwenye kamati ya lugha ya shule, LPAC. Ndiyo inayoamua mtoto asaidiwe vipi darasani na kwenye mitihani, na lazima iwe na mzazi wa mtoto anayejifunza Kiingereza ambaye si mwajiriwa wa wilaya ya shule. Mzazi huyo anaweza kuwa wewe. Kuhusu lugha usione haya: shule inatakiwa kuzungumza nawe kwa lugha unayoielewa, kwa hiyo omba mkalimani, na usimtume mtoto akufasirie habari zake mwenyewe.

Bunge la Texas liliamua mwaka 2025 kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2027-28 STAAR itaiachia nafasi mitihani mitatu mifupi: mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mwaka. Karatasi zitaongezeka, basi. Wazazi wenzangu, msizikunje na kuzificha chini ya sinia. Wekeni ya STAAR na ya TELPAS katika bahasha moja, na shule ikifunguliwa Agosti, nendeni nazo kwa mwalimu kabla hajawaita.