Dhahabu 'halisi' si lazima iwe 'safi'

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Kachibora katika Kaunti ya Trans Nzoia, ameleta swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza linamhusu sonara kuliko mwanaisimu. Alinunua pete ya ndoa, mwuzaji akamhakikishia kwamba ni "dhahabu halisi". Baadaye sonara wa mjini Kitale akaitazama na kumwambia, "Hii si dhahabu safi." Ndani ya pete imechongwa tarakimu 375. Je, kati ya hao wawili nani mwongo?

Hakuna. Kilichomponza ni vivumishi.

Kivumishi 'halisi' hutenga kitu na cha bandia. Pete yenye dhahabu ndani yake, hata ikiwa imechanganywa na shaba, si bandia, ni halisi. 'Safi' inapotumika kwa madini ina kazi nyingine: inasema kitu hakikuchanganywa. Wengine husema 'tupu', na hapa hawana maana ya debe lisilo na kitu, bali kitu kisicho na mwenzake, kama tusemavyo ugali mtupu. Basi pete inaweza kuwa dhahabu halisi na isiwe dhahabu tupu. Mwuzaji alijua tofauti hiyo. Mnunuzi, kama wengi wetu, alidhani maneno hayo ni visawe.

Kuna na neno la tatu, 'asili', ambalo wachuuzi wanalipenda mno. Nalo halisaidii. Dhahabu inayochekechwa kwenye mchanga wa mito ya Pokot Magharibi, au ile iliyowavuta walowezi hadi Kakamega miaka ya 1930, hutoka ardhini ikiwa tayari imechanganyika na fedha. (Nasema fedha madini, si fedha ya mfukoni, ingawa neno ni lile lile na sababu yake ni sarafu.) Kwa hiyo iliyo ya asili kabisa ndiyo hasa isiyo safi mpaka isafishwe.

Ndiyo maana mafundi waliachana na vivumishi wakashika hesabu. Neno 'karati' lina safari ndefu: Wagiriki waliita keration mbegu ya mti wa karobu, Waarabu wakasema qirat, na sisi, kwa kulitazama umbo la neno, tumelipokea kupitia Kiingereza. Mbegu hizo zilikuwa mawe ya mizani. Sarafu ya dhahabu ya Mfalme Constantine wa Roma ilikuwa na uzito wa mbegu 24, na hiyo 24 imebaki hadi leo kuwa kipimo cha dhahabu isiyochanganywa. Karati 18 maana yake sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu, na 6 zilizosalia ni shaba, fedha au madini mengine.

Tarakimu iliyochongwa ni hesabu hiyo hiyo, ila kwa sehemu 1,000. 916 ni karati 22. 750 ni karati 18. 585 ni karati 14. 375 ni karati 9. Pete ya msomaji wetu, ikiwa na gramu 4, ina gramu moja na nusu ya dhahabu. Kilichosalia si dhahabu.

Je, amepunjwa? Inategemea alilipa bei ya nini. Dhahabu tupu ni laini, hupinda na kukwaruzika. Mwanamke wa Mombasa anayeweka bangili za karati 22 kama akiba ana hoja, kwani siku ya shida atauza dhahabu, hatauza shaba. Lakini mtu anayeshika jembe kila siku huenda akafaidi zaidi pete ngumu ya karati 14 au 9. Uingereza, kwa mfano, karati 9 huuzwa kihalali kama dhahabu. Kosa ni kulipia 9 kwa bei ya 18 kwa sababu mtu amesema 'halisi'.

Mtego mbaya zaidi ni wa mchovyo. Pete ya kuchovya ni ya fedha au shaba iliyovikwa utando mwembamba wa dhahabu, na ukiisugua miaka miwili mitatu rangi ya ndani hutokeza. Baadhi huchongwa GP. Nyingine huchongwa 925, na mnunuzi hufurahi ati imeipita 916! Hiyo 925 ni kiwango cha fedha, wala si dhahabu. Sumaku pia isikutulize roho: ni kweli haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba pia. Sonara hukisugua chombo kwenye jiwe jeusi, akatia tone la asidi kwenye alama iliyobaki, akatazama kama inafifia.

Kwa hiyo dukani acha kuuliza "Ni halisi?" Uliza, "Karati ngapi, gramu ngapi, na ni ya kuchovya?" Majibu yaandikwe kwenye risiti kwa tarakimu. Na ikiwa pete ina almasi, uliza karati inayotajwa ni ya nini, maana karati ya almasi ni uzito, miligramu 200, wala haihusiani na zile 24. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vyote viwili, na risiti iliyoandikwa "karati 1" bila maelezo haikwambii lolote kuhusu dhahabu iliyoishika almasi hiyo.